Sababu Isiyonyauka



Wengi huanza mazoezi ya mwili kwa bidii, na kabla ya mwezi kwisha wameacha. Si kwamba hawajui faida yake. Yajulikana ya kuwa mazoezi hupunguza hatari ya maradhi ya moyo, ya sukari na ya shinikizo la damu. Walilokosa si maarifa, bali ni sababu iliyo yao wenyewe.

Karibu na mji wa Korintho, katika Uyunani ya kale, palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa taji ya majani. Mtume Paulo, aliyekaa Korintho mwaka na nusu, alipowaandikia Wakristo wa huko aliwatolea mfano wa wapiga mbio, akiwakumbusha ya kuwa taji ile huharibika. Naye afanyaye mazoezi kwa ajili ya sifa za watu hali yake ni iyo hiyo: sifa zikikoma, miguu nayo husimama.

Basi kila mmoja na aitafute sababu isiyonyauka. Mama na ajiulize, Je, nikiwa mzee nitaweza kwenda kanisani kwa miguu yangu? Baba naye, Ni nani atakayewalea watoto hawa nikianguka kitandani kabla ya wakati? Jibu aliweke moyoni, na uvivu ujapo alfajiri, aujibu kwa neno hilo. Asingoje hamu, mara nyingi hamu huja baada ya hatua za kwanza.

Tena asijitwike mzigo mzito. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hata 300 kwa juma. Dakika 30 kwa siku 5 zatimiza 150. Kutembea kwa haraka ni mazoezi, kulima kadhalika. Ni vema kuyafuatanisha na desturi iliyokwisha kukaa, kama sala ya asubuhi. Mume na mke wakienda pamoja, mmoja akilegea mwenziwe humtia moyo.

Siku moja ikipotea, kesho tuanze tena. Mkulima haliachi shamba kwa kuwa jana hakulima.

Mwili ni amana. Tuutunze, tupate kuwatumikia jamaa zetu na Bwana wetu siku nyingi.