Risala ya Wazazi na Majirani wa Kitura na Mwambao wa Ziwa Nyasa kwa Tume ya Kurekebisha Sheria

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Sisi wazazi, ndugu na majirani wa Kitura, Mbinga, pamoja na wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, tunakuletea risala hii kwa niaba ya watoto wetu, sasa watu wazima, wanaopenda wenzao wa jinsia yao. Huku juu tunalima kahawa na kuchimba ngolo; wenzetu wa ufukweni wanavua usipa. Sheria tunayoilalamikia, inayowaadhibu kwa mapenzi hayo, imeingia nyumbani mwetu, ndiyo maana hatuwezi kuendelea kukaa kimya.

Mheshimiwa, tunaomba kwanza uitazame ramani. Ziwa letu lina nchi tatu. Ng'ambo ya magharibi ni Malawi. Upande wetu, ukishuka kusini ya Mbamba Bay, unaingia Msumbiji. Mto Ruvuma unaotutenga na Msumbiji unaanzia katika milima hii hii ya Umatengo. Watu wa pande zote wanaoleana, wanauziana samaki na wanazikana. Lakini watu wazima wawili wa jinsia moja walioridhiana, wakikutwa pwani ya Msumbiji, hawana kosa, kwa kuwa nchi ile iliifuta sheria ya Mreno mwaka 2015. Visiwa vya Likoma na Chizumulu viko jirani kabisa na pwani hiyo, ila ni vya Malawi, na huko adhabu inafika miaka 14. Wakikutwa kwetu, Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinawapa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Ziwa ni lile lile na watu ni wale wale. Kilichotofautiana ni mpaka, na mipaka hiyo waliichora Wazungu.

Tunaambiwa kwamba sheria hii inalinda mila zetu. Mheshimiwa, maneno yake yalitoka katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, Mwingereza akayasambaza katika makoloni yake: Kenya, Uganda, Malawi na Tanganyika. Wazee wa Kimatengo na wa Kinyasa hawakuulizwa. Tena mkoloni mwenyewe aliweka miaka 14. Tulioipandisha hadi kifungo cha maisha ni sisi tuliokwisha kujitawala, kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Sheria ile ilikuja na kinga njema kwa wanawake na watoto dhidi ya ubakaji, na kinga hiyo hatutaki iguswe hata nukta. Kosa lake ni kumweka mtu mzima aliyeridhia kapu moja na anayemnajisi mtoto.

Wengi wetu ni watu wa kanisa na tunayajua mafundisho yake. Hatuombi Tume iyaguse. Dhambi ina padri wake na kitubio chake. Jela ni mali ya serikali, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Madhara ya sheria hii tunayaona. Kijana anayeogopa kutajwa haendi kupima virusi vya UKIMWI, na akipima haendi kuchukua dawa. Akiibiwa au akipigwa hashitaki, maana atakapofika kituoni ndiye atakayehojiwa. Yeyote mwenye chuki naye, au anayelitaka shamba lake, ana neno la kumtishia na kumtoza fedha. Mwaka 2017 serikali ilifunga vituo vilivyokuwa vikiwapa watu hawa huduma za UKIMWI. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka na akawataka wananchi wataje majina. Serikali ilisema baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Tuliishukuru kwa kauli hiyo, lakini kifungu chenyewe kimebaki, na maadamu kipo, mwingine anaweza kuamka kesho na kikosi chake.

Kwa hiyo tunadai Tume ipendekeze Bungeni kwamba tendo la faragha kati ya watu wazima walioridhiana liondolewe katika Kifungu cha 154, pamoja na cha 155 kinachohusu kujaribu na cha 157 kinachohusu wanaume, huku adhabu za kuwadhuru watoto na wasioridhia zikibaki kama zilivyo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na haikumtoa mtu yeyote.

Wakati hilo likisubiriwa, polisi wapigwe marufuku kuwapeleka watuhumiwa kupimwa kwa nguvu sehemu ya haja kubwa. Kipimo hicho hakithibitishi lolote, na ni mateso. Zahanati zetu zimtibu kila anayefika bila kumhoji analala na nani.

Tena tunadai, na hili tunalisisitiza kuliko yote, kwamba kiongozi yeyote wa umma anayewahimiza wananchi kuwataja au kuwasaka jirani zao achukuliwe hatua. Katika vijiji vyetu jina likitamkwa hadharani halirudi, na aliyetajwa hana pa kukimbilia ila kuvuka mpaka na kuacha mibuni yake na wazazi wake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaiomba Tume ije Mbinga na Mbamba Bay itusikilize, na itupe jibu kwa maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.