Nani Anayeshusha Ujira?

Ukikaa barazani siku hizi husikii ila neno moja: wageni wamekuja, ujira umeanguka, na maduka ya wenyeji yanafungwa. Tanzania imekwisha chukua hatua. Mwezi wa Julai 2025 ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara za namna 15, miongoni mwazo rejareja, kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kununua mazao shambani. Wengi walishangilia, na mwenye duka dogo ana haki yake kulalamika. Atashindana vipi na mtu aletaye bidhaa moja kwa moja kutoka kiwandani?

Lakini hebu tuulizane: leseni ya mgeni ilitoka kwa jina la nani? Amri yenyewe imejibu, kwani raia atakayemsaidia mgeni katika biashara hizo atatozwa shilingi milioni 5 au atafungwa miezi 3. Haiwekwi adhabu kwa kosa lisilojulikana.

Ama ujira, huo haupangwi na mgeni, hupangwa na tajiri. Kijana aliyevuka mpaka bila ya karatasi hukubali nusu ya malipo kwa kuwa akinung'unika atapelekwa polisi. Tajiri alijua hayo ndipo akamwajiri, kisha akamgeukia mwenyeji akamwambia: "Ukitaka, chukua hiki, hutaki, wapo wengine." Halafu sisi twamtukana yule kijana!

Wala tusijitie hatujui. Nyumba ngapi za Mombasa, Tanga na Unguja zala kwa fedha za mtoto aliyeko Uarabuni? Katika nchi nyingi za huko, chini ya kafala, mtumishi wa nyumbani hawezi kumwacha bwana wake akatafuta mwingine bila ya ruhusa, na wangapi hunyang'anywa pasi zao. Mtu aliyefungwa hivyo atadai nyongeza gani? Qatar ilipoondosha sharti la ruhusa hiyo mwaka 2020, ikaweka na kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, awe raia au mgeni, hata wa nyumbani. Malalamiko juu ya utekelezaji wake hayajesha, lakini njia ni hiyo: haikufukuzwa mikono ya kazi, alibanwa tajiri.

Dini yetu imeamrisha kibarua apewe ujira wake kamili na kwa wakati, wala haikuuliza katoka nchi gani. Basi wakaguzi wakija, waanze na daftari la mishahara, kisha watazame ni nani aliyekodisha leseni. Hao si wageni; wengine twasali nao safu moja.