Kidole chini ya neno

Mtoto mmoja wa darasa la pili, katika kijiji karibu na Moba, alipewa barua iliyoletwa na msafiri. Barua ilitoka kwa kaka yake aliyekaa Kalemie pamoja na baba. Mtoto akaketi chini ya mwembe, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma polepole, midomo ikichezacheza.

Mjomba wake alipomwona akacheka. «Lete hapa, wewe konokono! Utamaliza kesho.» Akaishika barua, akaisoma kimya kwa upesi, kisha akasema: «Baba yako atafika Jumamosi kwa mashua. Mama achinje kuku.»

Mtoto akasema kwa adabu: «Samahani mjomba, mimi niliona ha-ta-fi-ka.» Hakuna aliyemsikiliza. Jumamosi watu wakakaa kando ya ziwa tangu asubuhi hata giza likaingia. Baba hakutokea, kwa maana barua ilisema kwamba hatafika. Na kuku alikuwa amekwisha chinjwa.

Je, mjomba hajui kusoma? Anajua sana. Lakini macho ya mtu mzima na macho ya mtoto hayafanyi kazi namna moja.

Watu wengi hufikiri kwamba jicho la msomaji huteleza juu ya mstari kama mtumbwi juu ya maji matulivu. Sivyo. Jicho huruka kama panzi: husimama, huruka, husimama tena. Linasoma wakati linaposimama. Mtoto atakaye kuona miruko hiyo amtazame mwenzake machoni anaposoma kimya. Mtu mzima husimama kama robo ya sekunde tu, kisha huruka mbele. Mtoto anayeanza husimama muda mrefu zaidi, tena mara nyingi zaidi, na mara kwa mara hurudi nyuma. Neno ambalo mtu mzima amelizoea, herufi zake humwingia zote pamoja, bila kuzihesabu. Mtoto bado analijenga neno kipande kwa kipande, kama fundi apangaye matofali.

Basi, mjomba alikosaje? Moyo wake ulikuwa ukimtazamia shemeji yake. Jicho likapita upesi, na moyo ukajaza neno uliolitaka. Katika Kifaransa maneno ya kukana husimama mbalimbali: il ne viendra pas. Asiyeona la kwanza ataona la pili. Katika Kiswahili herufi moja tu imeshikamana na kichwa cha neno: atafika, hatafika. Anayesoma Kiswahili mbiombio amejitafutia taabu.

Kwa hiyo si haki kumcheka mtoto mwenye kidole. Kidole chake kinalionyesha jicho mahali pa kusimama, na midomo inaunganisha vipande mpaka neno lisikike. Wako wakubwa wanaompiga mtoto mkononi ili asome kama wao. Hao ni kama mtu ang'oaye jino la utoto kabla halijalegea. Mtoto akikutana na neno lile lile mara nyingi, leo katika kitabu, kesho katika barua, kesho kutwa ukutani mwa duka, jicho litalizoea, na kidole kitaacha chenyewe.

Lakini mtoto wa darasa la sita ambaye bado anafuata kila neno kwa kidole? Pengine macho yake yana ugonjwa, na yafaa atazamwe na mganga. Kama ni mazima, basi mara nyingi amesoma kidogo mno. Huyo asipigwe, apewe vitabu. (Na pale ambapo watoto watatu wanasoma kitabu kimoja, ni kidole cha nani kitakachowekwa?) Kumwambia «Soma upesi!» hakumfundishi jicho lake neno hata moja.

Baba alifika siku kumi baadaye, akasimuliwa habari ya kuku, akacheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata barua nyingine ikaja kutoka Kalemie. Mjomba akaisoma kwa upesi wake wa siku zote. Kisha akampa mtoto, akaketi karibu naye, akangoja.