Senema ya Pili ya Wakanda: Je, Watoto Waitazame?

Vijana wengi wameitazama senema iitwayo Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka mwaka 2022 kuifuata ile ya 2018. Wazazi wanaouliza kama inafaa nawajibu: inafaa, ila si yote.

Chadwick Boseman, aliyecheza kama mfalme T'Challa, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo, umri wake miaka 43. Mwongozaji Ryan Coogler hakutia mtu mwingine mahali pake, bali mfalme naye akafa katika hadithi. Basi senema yaanza na msiba, watu wote wamevaa nyeupe. Mwaka ukiisha, Malkia Ramonda ampeleka binti yake Shuri mtoni, wachome nguo za msiba. Hayo sisi twayajua: ni kuondoa matanga. Binti akataa, kwa kuwa moyo wake umejaa hasira. Alitafuta dawa ya kumponya kaka yake, asiipate. Angela Bassett aliyecheza kama mama ni hodari kabisa.

Kisha Namor, mfalme wa watu wa baharini, aleta gharika, na mama naye afa. Shuri ataka kisasi. Mangapi tumeyaona vijijini baada ya mazishi! Mtu hunyoshewa kidole, nyumba yachomwa. Lakini Shuri akiisha kumwangusha adui, mkuki mkononi, amkumbuka mama yake, akamwacha hai. Hapo, mzazi, simamisha picha, mwongee na watoto.

Ubaya wake? Ni ndefu mno, saa 2 na dakika 41, na habari za wapelelezi wa Marekani zingaliweza kuachwa zote. Tena vita vya mwisho vyanichukiza. Senema iliyomzika mtu mmoja kwa heshima kubwa yaacha askari wengi waanguke baharini bila jina wala wa kuwalilia.

Yumo pia mtu wa dini wa Hispania anayemlaani mtoto huku akifa. Tusikasirike. Maovu ya Wahispania kule Amerika yalikuwa ya kweli, na Askofu Bartolomé de las Casas mwenyewe aliyaandika katika kitabu kilichochapwa mwaka 1552.

Mwishoni Shuri azichoma nguo zile, pwani ya Haiti, nyumbani kwa Nakia, ambaye mchezaji wake ni Lupita Nyong'o wa Kenya. Majina yakianza kupita, msizime upesi. Bado kuna mtoto mmoja wa kumwona.