Mtemba Uumao Ulimi

Mtu anunuapo mtemba kwa mara ya kwanza, aghalabu huwa amekwisha kumwona mzee fulani akivuta wake barazani jioni, moshi ukipanda mwembamba, na mwenyewe akisikiliza mazungumzo kana kwamba hana haja ya kitu kingine duniani. Basi mwanagenzi huyo hujaza tumbaku, huwasha, na huvuta kwa nguvu. Kabla ya nusu saa kupita ulimi wake unawaka kama wa mtu aliyetafuna pilipili, na kinywani mna ladha ya mkaa. Kesho yake hata chai ya moto humshinda. Hapo huilaumu tumbaku, akanunua mkebe mwingine wa bei kubwa zaidi, na mambo yakawa yale yale.

Mara nyingi kosa si la tumbaku wala si la mtemba, bali ni la haraka. Watu wa pwani walikuwa na majina ya kila kiungo cha kiko tangu zamani: bori, yaani kibakuli kitiwacho tumbaku, digali, mwanzi ushukao katika chombo cha maji, na shilamu, mwanzi uendao kinywani. Hata mlio wa yale maji ulikuwa na jina lake, malio. Katika kiko cha namna hiyo moshi hupoa kidogo kwa kupita majini. Mtemba wa kizungu hauna maji. Una bori na shilamu tu, na moshi hutoka motoni ukafika ulimini kwa safari ya shubiri moja. Kwa hiyo kazi ya kuupoza moshi ni ya mvutaji mwenyewe, naye hana chombo cha kufanyia kazi hiyo ila subira.

Yafaa kwanza kujua kiumacho ulimi. Sababu ya kwanza ni joto, hasa joto la mvuke. Tumbaku iliyo mbichimbichi ikiwaka, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na kila mpishi ajua ya kuwa mvuke wa sufuria huunguza vibaya. Sababu ya pili ni tabia ya tumbaku yenyewe. Tumbaku ya mvuke, kama ilimwayo Tabora na Urambo, ina sukari nyingi, na ikivutwa kwa pupa huwaka kwa moto mkali. Tumbaku ya hewa, ikaushwayo kivulini, ina sukari chache, lakini moshi wake una ukali wa namna ya magadi, nao huchoma ngozi laini ya kinywa. Kwa hiyo kubadili mkebe kwaweza kupunguza taabu, lakini hakuiondoi ikiwa mvutaji bado anavuta kama mtu afukuzwaye.

Dawa huanza kabla ya kiberiti kuwashwa. Tumbaku itolewe mkebeni, itandazwe juu ya karatasi kavu, iachwe kwa muda. Kisha ichukuliwe kidogo na kubanwa kwa vidole viwili. Ikishikamana kama unga wa ugali, bado ina maji mengi. Ikifunguka yenyewe polepole, i tayari. Ikivunjika na kuwa vumbi, imekauka kupita kiasi, nayo itawaka upesi na kwa moto mkali.

Baada ya hapo ni kujaza. Wavutaji wa zamani wana msemo wa kufundishia: sehemu ya chini ijazwe kwa mkono wa mtoto, ya kati kwa mkono wa mwanamke, na ya juu kwa mkono wa mwanamume. Maana yake ni kwamba chini pasishindiliwe, katikati pashindiliwe kidogo, na juu pakazwe zaidi. Kabla ya kuwasha, mvutaji avute hewa tupu. Ikipita kwa wepesi kama mtu anywaye maji kwa mrija, ni vema. Ikigoma, amwage ajaze upya, kwa sababu akiwasha hivyo hivyo atalazimika kuvuta kwa nguvu, na kuvuta kwa nguvu ndiyo asili ya moto mkali.

Kiberiti nacho kina adabu yake. Kichwa cha njiti kiachwe kiungue chote kwanza, ili harufu yake isiingie katika tumbaku. Moto uzungushwe juu ya bori lote, wala usielekezwe mahali pamoja ukaunguza ukingo wa mti. Tumbaku itainuka kwa joto. Ishindiliwe kidogo kwa kitu bapa, kisha iwashwe mara ya pili. Mwanagenzi wengi hudhani kuwasha mara mbili ni dalili ya ushamba, kumbe ndiyo desturi ya wajuzi.

Kutoka hapo, mtemba uvutwe kama mtu aonjaye uji wa moto: kidogo, kisha kupumzika. Moshi ukae kinywani tu, usimezwe kifuani. Kipimo cha joto hakihitaji chombo. Bori liwekwe shavuni. Shavu likishindwa kulistahimili, mtemba uwekwe chini mpaka upoe. Ukizimika, si aibu. Afadhali kuuwasha mara tano kuliko kuuvuta mfululizo kwa kuogopa kuzimika, halafu kulala na ulimi uliobabuka.

Ladha ya kuungua ina sababu zake nyingine. Mitemba mingi huchongwa katika shina nene la chini ya ardhi la kichaka kiitwacho Erica arborea. Kichaka hicho huota pande za bahari ya Mediterania, na hata katika milima mirefu ya Afrika Mashariki. Mti huo hustahimili moto, lakini bori likiwa jipya halina kinga, na mvutaji huonja mti wenyewe ukiungua. Kinga yake ni ukoko mwembamba wa masizi unaojijenga ndani kidogo kidogo. Ili ukoko huo upatikane sawasawa hadi chini, mara za kwanza bori lijazwe nusu tu, na tumbaku ivutwe taratibu mpaka iishe. Ukoko usizidi unene wa sarafu, maana ukinenepa sana hupanuka kwa joto ukapasua mti.

Mtemba wa jiwe jeupe jepesi ni habari nyingine. Jiwe hilo lilichimbwa Sinya, karibu na Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, na katika miaka ya 1950 na 1960 mitemba yake ilitengenezwa Arusha. Jiwe hunywa unyevu wenyewe, wala halihitaji ukoko. Bori lake hufutwa kila baada ya kuvutwa.

Usafi ni sharti kwa mitemba yote. Majimaji machungu hukusanyika katika shilamu, na mvutaji akiyasikia yakilia apitishe waya laini uliozungushiwa pamba. Majivu yamwagwe baada ya kuvuta, wala masalio ya jana yasiwashwe leo, kwa kuwa hapo ndipo ladha ya masizi ilipojificha. Shilamu isichomolewe mtemba ukiwa bado wa moto, isije ikavunjika. Mwisho, mtemba mmoja usivutwe mchana kutwa. Upewe siku nzima ya kukauka.

Hayo yote ni ya kuondoa maumivu. Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko maumivu, nalo halifai kufichwa kwa ajili ya kupendeza mazungumzo. Mtemba, hata ukivutwa kwa ustadi wote, una madhara. Tangu ripoti kubwa ya waganga wa Marekani ya mwaka 1964 imejulikana kwamba uvutaji wa mtemba huleta saratani ya mdomo, na utafiti uliofuata umeongeza saratani ya ulimi, ya koo na ya mapafu. Moshi uliopozwa hauumi ulimi, lakini sumu yake imo vile vile. Asiyeanza ndiye aliyechagua vema kuliko wote, na aachaye leo ana faida kuliko aachaye mwakani.

Kwa sababu hiyo mvutaji asizoee ulimi wenye maumivu kana kwamba ni ushuru wa kazi. Ulimi uliounguzwa na moshi hupona kwa siku chache mtemba ukiwekwa kando. Lakini kidonda kisichopona kwa majuma mawili, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, au uvimbe mgumu mdomoni au shingoni, si kuungua tena. Mambo hayo ni ya kupelekwa hospitali bila kungoja, kwa maana saratani ya kinywa ikionekana mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Mtu ambaye ulimi wake huuma kila siku hawezi kutambua siku ambayo umeanza kuuma kwa sababu nyingine.

Tena moshi haumhusu mvutaji peke yake. Katika Kenya sheria ya mwaka 2007 inakataza kuvuta tumbaku mahali pa watu wote, zikiwamo ofisi, na kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Nyumbani hakuna askari wa kusimamia jambo hilo, lakini wamo watoto, na mapafu yao ni madogo. Mzee mwenye busara hutoka nje na mtemba wake.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Katika habari ya mtemba, yuko mwenye mwendo wa pole kuliko huyo, naye ni yule aliyeusafisha vizuri, akautia mfukoni, na asiuwashe tena.