MZIGO WA MWENZIO SI KANDA LA USUFI



Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake kila mtu aijua: ukimwona mwenzio amebeba, waona ule mzigo ni mwepesi, kwa sababu hauko begani mwako. Leo twataka kusema habari za mzigo mmoja ambao wengi wetu twauona ukipita na hatuuhesabu. Ni mzigo wa wapagazi wa Mlima Kenya.

Mtu atauliza, reli na mlima vina uhusiano gani? Njia yetu ya Nanyuki yapita chini ya mlima huo, na stesheni ya Naro Moru ni kama mlango wake. Wageni washuka pale na mifuko mikubwa, na vijana wa pale waishika mifuko ile na kupanda nayo. Tena jambo hili si la jana. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huo huo Mwingereza Halford Mackinder alitoka Nairobi na msafara mkubwa wa wapagazi, akafika kilele cha Batian pamoja na Wazungu wenzake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele vikubwa vikapewa majina ya watu wa ukoo wa laibon wa Kimasai: Batian, Nelion na Lenana. Mabonde yakapewa majina ya wageni: Teleki, Hohnel, Mackinder. Mpagazi hakupewa hata kijito kimoja.

Sasa tutaeleza lililotufanya tuandike. Si zamani sana, kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu wa genge, alipata kazi ya kubeba mzigo mpaka ile nyumba ya wapandaji iitwayo Austrian Hut, ambayo iko juu sana, karibu mita 4,790. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Huko juu mvua si mvua, ni theluji. Theluji ilikuwa imeanguka usiku wa siku mbili mfululizo. Mgeni alijua, na aliyewaajiri vijana alijua, maana walikuwa wameletewa habari kwa simu. Mgeni akavaa buti nzito na soksi mbili za sufu. Kijana wetu hakuambiwa neno. Alikwenda na raba.

Alibeba mpaka juu. Miguu ililowa asubuhi, saa sita haikuwa na hisi tena, na jioni hakuweza kusimama. Akaacha mzigo pale, akashuka akishikwa na wenzake. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekufa kwa baridi, na daktari akakikata. Alipokwenda kuchukua mshahara wake aliambiwa kwamba atakatwa siku mbili, kwa kuwa hakuushusha mzigo. Hatutaji jina la tajiri yule, maana hatuandiki kwa kutaka kumlipiza mtu mmoja. Twaandika kwa sababu jambo lile laweza kutokea tena msimu ujao kwa mtoto wa mwingine.

Wengi wetu tulizaliwa tukiuona ule weupe kwa mbali, na tukadhani ni pambo tu. Basi yafaa tujue theluji ya mlima ule inavyofanya kazi. Kilele cha Batian kina mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana, ambako ndiko wanakokwenda wageni wengi, mita 4,985. Mlima uko karibu na ikweta, kwa hiyo hauna kipusa na kiangazi kama vya Ulaya. Una jambo la ajabu: pande zake mbili hupokezana. Tangu Desemba mpaka Machi jua liko kusini, mawe ya upande wa kusini yakauka na upande wa kaskazini washika theluji na barafu. Tangu Juni mpaka Septemba yawa kinyume chake. Miezi mizuri ya kupanda ni Januari na Februari, kisha Juni mpaka mwanzo wa Oktoba. Masika na vuli ni miezi ya theluji mpya, ukungu na matope.

Hata katika mwezi mzuri, siku moja ina hali nyingi. Wageni huamshwa saa nane au saa tisa za usiku ili wafike Lenana jua linapochomoza. Wakati huo changarawe za mteremko zimeganda, na mguu haurudi nyuma sana. Lakini mahali penye barafu pateleza kama sakafu yenye sabuni. Jua likipanda, changarawe zaachana, kila hatua mbili warudi moja. Saa sita mawingu yafunika. Theluji mpya ikianguka hufunika mawe yaliyopangwa kuonyesha njia, na mtu asiyeijua njia aweza kupotea. Halafu theluji ile ile ikiyeyuka yateremka na kuongeza maji katika kinamasi kirefu cha njia ya Naro Moru, ambacho mpagazi akipita huzama mpaka magotini. Ndiyo kusema kwamba theluji humtesa mara mbili: ikiwa ngumu juu, na ikiwa maji chini.

Tena mlima wa leo si ule wa baba zetu. Barafu kubwa iitwayo Lewis, iliyo kati ya Lenana na Nelion, ilipimwa mwaka 1934, ikapimwa tena mwaka 2010, ikaonekana kwamba katika kila sehemu kumi za barafu ile, sehemu tisa zimekwisha. Dunia imezidi joto, na theluji inayoanguka haitoshi kuijaza. Kati ya Batian na Nelion kuna mfereji wa barafu uliopandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Mkenya, Thumbi Mathenge. Sehemu yake ya chini imeyeyuka sana tangu siku zile. Barafu ilikuwa kama saruji iliyoshika mawe. Ikiondoka, mawe yalegea na kuanguka. Kwa hiyo mtu asije leo na mbao za kutelezea miguuni akidhani atapata mteremko mweupe kama wa Uswisi. Na asimwambie mpagazi, "Njia ni ile ile ya mwaka ule." Njia yabadilika. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka ikaguliwe na habari zake zitolewe.

Ndugu zetu wa reli, hapa ndipo kazi yetu yaweza kuwa mfano. Sisi hatupeleki treni mahali ambapo njia haijulikani. Mtu wa genge hutembea kwa miguu akitazama reli, mataruma na misumari. Mahali palipolegea huwekwa alama, dereva huambiwa apunguze mwendo. Mvua ikichukua tuta, bendera nyekundu husimama na treni hungoja, hata kama ndani yake yuko mtu mkubwa mwenye haraka. Stesheni masta hawezi kumwambia dereva, "Wewe nenda tu, utaona mwenyewe huko mbele." Lakini mpagazi mwenye kilo nyingi mgongoni huambiwa hivyo kila wiki. Je, kichwa cha treni chapendwa kuliko kichwa cha mtu?

Na haya tuliyo nayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Makabuti, buti, siku ya kupumzika, malipo ya aliyeumia, yote yalidaiwa. Wafanya kazi wa reli na wa gati waligoma pamoja Mombasa mwaka 1947, na wengine wakaumia kwa ajili ya hayo. Tukikaa na makabuti yetu tukimtazama kijana wa jirani akipanda kwenye theluji na raba, tutakuwa tumesahau tulikotoka. Wale wapagazi wa vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, ambao Kariokor ya Nairobi yaitwa kwa jina la jeshi lao, walikufa kwa maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Nchi hii imekwisha kutumia migongo ya watu bila hesabu. Haifai irudie.

Wako watakaosema, "Hakuna aliyemlazimisha. Alikubali kazi mwenyewe." Twajibu: alikubali kubeba mzigo, hakukubali kufichwa habari. Mapatano ambayo upande mmoja wajua theluji iko na upande wa pili haujui si mapatano, ni mtego.

Wengine watasema, "Mkileta masharti mengi wageni watakimbilia Kilimanjaro, na vijana watakosa kazi." Hofu hii hatuidharau, maana hata mpagazi mwenyewe anayo. Lakini tutazame huko Kilimanjaro kwenyewe. Huko mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20, na mizigo hupimwa langoni, na wageni bado waenda kwa maelfu kila mwaka. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya hatarudi nyumbani kwa sababu ya bei ya jozi ya buti.

Wengine tena, na hawa ni wenzetu, watasema, "Hao si wanachama wetu." Ni kweli, hawana kadi. Lakini baridi haiulizi kadi. Na sheria nayo haikuandikwa kwa ajili ya reli peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa amjulishe msimamizi wake, na akiondoka mahali pale kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asionewe. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yataka anayeumia kazini alipwe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa usawa na haki ya kuingia chama. Maneno yapo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni watu wa kuyapandisha mlimani.

Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu. Waokoaji wa hapa Kenya walipanda kwa taabu kubwa, na wenzao wakaja kwa ndege kutoka Austria, wakamshusha akiwa hai. Rubani wa helikopta alikufa katika kazi ile. Twaheshimu sana waliofanya hivyo, maana maisha ya mtu yastahili. Twauliza tu: akianguka mpagazi, ni nani atakayehesabu siku zake huko juu?

Basi haya ndiyo tuyatakayo, na twaomba kila tawi liyazungumze.

Ya kwanza, katika kila lango la mlima, la Naro Moru, la Sirimon na la Chogoria, uwekwe ubao wa kuandikwa kila asubuhi kwa Kiswahili: theluji imefika wapi, njia ina barafu au matope, mawe yanaanguka wapi. Wanaoshuka ndio watoe habari, maana ndio walioiona njia.

Ya pili, mizigo ipimwe langoni, na mzigo wa mtu pamoja na nguo zake na chakula chake uhesabiwe.

Ya tatu, asipite mtu na mzigo bila buti, soksi kavu, koti la mvua na blanketi. Kama hana, tajiri ampe, na asikatwe mshahara kwa vitu hivyo.

Ya nne, anayerudi kwa sababu ya theluji au ugonjwa alipwe siku zake. Mahali pa juu kama pale mtu aweza kuingiwa na maji mapafuni, na dawa ya kwanza ni kumshusha upesi. Mtu anayejua kwamba akishuka atakatwa mshahara atanyamaza, na akinyamaza atakufa.

Ya tano, wapagazi wenyewe waunde umoja wao, nasi tuwasaidie kwa ofisi, karani na mtu ajuaye kuandika mapatano.

Wapo waongozaji na matajiri wanaofanya haya yote bila kuambiwa, na kwao twatoa shukrani. Lakini usalama wa mfanya kazi usingoje wema wa tajiri. Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba mzigo wa ndugu yako ni wako pia. Katika chama tumefundishwa jambo lile lile.

Kijana wetu amepona, na sasa anauza mboga karibu na stesheni. Alituambia kwamba kinachomuuma si kidole. Kinachomuuma ni kwamba mgeni alijua, tajiri alijua, naye peke yake ndiye hakujua. Tusiache mtu mwingine apande bila kujua.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu, wafanya kazi wa reli.