Mtumbwi juu ya taksi si godoro

UVIRA – Ndugu madereva wa barabara ya Uvira–Baraka, neno hili tumelisema sana kwa mdomo, sasa tunaliandika. Keria ya kufungia magodoro haifai kubebea mtumbwi.

Mtumbwi wa gogo ni mzito, na ukitoka ziwani umekwisha kunywa maji. Gari ndogo nyingi zinaruhusiwa kilo 50 hadi 100 tu juu ya paa, pamoja na uzito wa keria yenyewe. Soma kitabu cha gari lako. Wa gogo upite majini, au upande lori. Juu ya taksi weka ule ambao watu wawili wanaunyanyua bila kuhema.

Mnatujibu: «Mteja analipa, kamba ipo.» Kamba ipo, imefungwa kwenye nini? Keria iliyobana ukingo wa paa kwa boliti nne nyembamba inalegea kila shimo, na mashimo ya njia hiyo nani hayajui? Chagua yenye vyuma viwili vinene vya kukingama, vilivyoachana mbali, vilivyoshikwa na bodi ya gari. Vikikaribiana, upepo unachezea pua ya mtumbwi. Kisha pua ifungwe mbele, mkia nyuma, kwa kamba. Mipira inavutika! Na kitambaa chekundu mkiani, mwenye pikipiki auone.

Nawe mwenye mtumbwi, acha kumshawishi dereva kwa nauli ya juu. Ukichomoka hautakuangukia wewe, utamwangukia mama anayepita kando na beseni lake la ndakala kichwani.